Kifungu cha Utii

Sydney, 4 Agosti 2002

Kaka Ross,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Glenys na hao kondoo waliobaki. Huku kwetu hatujambo. Mgongo wa Philip umepona, ila bado anatembea kama aliyebeba trei la mayai. Alison ameanza kazi benki na tayari anatushauri sisi wazazi wake namna ya kuishi. Mama nilimpigia Jumapili. Aliniambia bwawa lake limebaki tope, halafu akageuza maneno akaanza kuniuliza kama ninakula.

Wewe sikupigii kwa sababu simu yako ni ya moto. Tangu uwe kapteni wa kikosi cha zimamoto, nikipiga unaitikia kwa neno moja, "Wapi?", na nikisema ni mimi nasikia unavyovunjika moyo.

Shida yangu ni hii. Ofisini tumepewa kazi ya kuandika muswada wa kuwakinga watu wanaojitolea. Unajua mambo yalivyo siku hizi: mtu anakwenda kusaidia bila malipo, kitu kikiharibika anaburutwa mahakamani, na bima zimepanda hadi timu za mpira za watoto zinavunjwa. Serikali inataka sheria iseme kwamba aliyejitolea kwa nia njema asilipe fidia kutoka mfukoni mwake. Hilo ni rahisi kuandika. Ugumu uko upande wa pili. Yeye naye ana wajibu gani? Akifanya nini kinga hiyo imtoke? Wenzangu hapa, kujitolea kwao ni kuuza keki shuleni mara moja kwa mwaka. Wewe umezeekea kwenye gari la zimamoto. Niambie.

Mdogo wako,
Bev


Burrangully, 1 Septemba 2002

Bev,

Sisi wazima, kondoo nusu. Glenys anakusalimu, anasema huyo binti wa benki aje atushauri na sisi. Mvua hakuna. Juzi nilimpelekea Mama tangi la maji, akanigombeza kwamba nimekanyaga maua yake, ingawa maua yenyewe yalikufa tangu mwezi wa sita.

Kuhusu sheria yako, andika kwamba lazima atii. Basi. Mengine yote ni mapambo. Hawa watu hawalipwi, kwa hiyo sina mshahara wa kumkata mtu. Kumfukuza siwezi, maana nikifukuza mmoja gari linabaki na watu watatu. Nilicho nacho ni sauti yangu kwenye redio ya upepo. Nikisema songa, wasonge. Nikisema rudi, warudi, waniulize sababu baadaye tukiwa kwenye ukumbi wa kikosi na vikombe mkononi.

Unamkumbuka Des Cuthbert, yule aliyekuwa akikuvuta nywele kwenye basi la shule? Ndiye dereva wa gari letu. Mikono yake dhahabu, kichwa chake jiwe. Mwezi uliopita nilimwambia asubiri getini mpaka nimpe ruhusa. Akakata waya wa fensi akaingia. Moto aliuzima, sikatai. Tulipokutana ukumbini nikamwambia mbele ya wote kwamba siku moja ataunguza mali ya mtu, na siku hiyo asinitafute nyuma yake. Akacheka, akachukua soseji ya pili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini la huyu halivunjiki, na ndiyo maana hasikii.

Kwa hiyo andika hivi: akikaidi amri, kinga imtoke. Mweleze na mkubwa wako kwamba hayo ni maneno ya mtu anayeuguza masikio kwa sababu ya mngurumo wa pampu ya gari.

Ross


Sydney, 24 Novemba 2002

Kaka Ross,

Salamu kwenu nyote. Sisi tunaendelea vizuri. Alison amepata mchumba, kijana mpole anayeogopa mbwa wetu mdogo.

Sheria imepita, na kifungu chako kimo. Kinasema kwamba kinga haimhusu mtu aliyetenda kinyume cha maelekezo ya chama chake huku akiyajua. Mwenzangu mmoja alibisha sana. Alisema mtu anayejitolea si askari, ametoa muda wake, tusimdai na akili yake. Nikamjibu kwamba ninaye mtu anayeijua kazi hiyo, na yeye ndiye anayetaka hivyo. Akageuza ukurasa. Nilifurahi, Ross, nakwambia kweli. Miaka yote hii ninaandika sheria za maegesho na za mizani za sokoni, na hii ni mara ya kwanza sentensi yangu kutoka kwetu Burrangully.

Krismasi hatutakuja. Mama anasema ameahidi kwamba king'ora kikilia mwaka huu ataondoka mapema aende ukumbini. Umemlazimisha namna gani? Mimi hajawahi kunitii hata kwa kuvaa koti.

Bev


Burrangully, 2 Februari 2003

Bev,

Moto umeusikia kwenye taarifa ya habari, kwa hiyo sikusimulii wote. Hakuna aliyekufa. Mama yu salama, yuko hapa jikoni anamfundisha Glenys kukaanga vitunguu, kazi ambayo Glenys ameifanya miaka thelathini.

Nina swali la kazi yako. Upepo uligeuka mchana. Mimi nilikuwa juu ya kilima ninakoona pande zote, na gari lilikuwa chini bondeni, kwenye barabara moja ya kuingilia na kutokea. Niliwaamuru warudi. Gari lilirudi. Des hakurudi. Alimwachia Colin usukani, akachukua kopo la mafuta la kuwashia moto, akatembea kwa miguu hadi nyuma ya nyumba moja huko bondeni na kuwasha moto wa kukinga, yaani akaunguza majani ya mbele ili moto mkubwa ukifika usikute cha kula. Nyumba imesimama. Lakini moto wake wa kukinga ulivuka kijito, ukala banda la jirani Lindsay Pascoe la kukatia manyoya, pamoja na madume wake wote wa mbegu waliofungiwa ndani.

Banda halikuwa na bima. Lindsay amemfungulia Des kesi. Akishinda, Des hana cha kulipa isipokuwa shamba lake.

Je, sheria yako inamkinga au haimkingi?

Ross


Sydney, 20 Februari 2003

Kaka Ross,

Tunamshukuru Mungu kwamba mmebaki salama. Philip anakupa pole, na Alison analia kila akiona picha za kondoo kwenye gazeti.

Nakujibu kama ninavyowajibu wengine. Ikiwa Des alikuwa kazini na kikosi kwa nia njema, kinga anayo. Ikiwa aliisikia amri, akaielewa, akaipuuza, kinga hana. Yote yanategemea shahidi atakayesema kama amri ilitolewa na kama ilimfikia. Naona shahidi huyo ni wewe.

Ilikuwa nyumba ya nani?

Bev


Burrangully, 11 Mei 2003

Bev,

Nimechelewa kwa sababu ya fensi. Moto umetuachia maili na maili za waya uliolegea, na kondoo wa kila mtu wako kwa kila mtu. Mvua kidogo imenyesha. Mama anaendelea vizuri, amerudi kwake.

Wakili wa Lindsay alikuja, akanywa chai, akasifu keki ya Glenys, akaniuliza kuhusu amri. Nikamwambia nitasema mahakamani. Vijana watatu waliokuwa garini wote wamekuwa viziwi. Colin anasema pampu ilikuwa inanguruma. Wengine wawili wanasema walikuwa wanamsikiliza Colin. Ukumbini siku za mazoezi watu wanakaa pande mbili kama arusi ya familia zisizopatana. Des bado anakuja. Anaosha gari, anakunja mipira ya maji, anakwenda zake. Hajaniomba chochote. Ningependa aniombe, nimkatalie, yaishe.

Glenys anakusalimu.

Ross


Sydney, 18 Mei 2003

Ross,

Hatujambo. Sina habari nyingine za nyumbani kwangu, nina za kwenu.

Mama amenipigia. Alitaka kujua hiyo ni sheria gani inayomwadhibu mtu aliyekuokoa. Nikamuuliza nani kamwokoa nani. Akasema, "Kumbe hukuambiwa."

Nyumba moja huko bondeni, Ross! Mimi nimezaliwa katika nyumba hiyo moja huko bondeni. Mama alikuwa ndani, na blanketi lenye maji kichwani, na Des ndiye aliyegonga dirisha.

Najua ulidhani ameshaondoka. Aliahidi kwenda ukumbini, na kutoka juu kilimani usingeweza kujua kama katimiza. Hiyo ndiyo sababu, sivyo? Niandikie tu kwamba ulidhani ameondoka.

Tena kuna jambo la redio. Kila mtu anayejua mabonde yetu anajua mawasiliano huko hukatika. Sikwambii useme uongo. Nakuuliza tu kama redio ilikuwa safi siku ile, kwa sababu kama haikuwa safi, Des hakusikia, na kama hakusikia, shamba lake linabaki lake. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilipokuwa naandika kifungu kile, nilimwona mtu mkorofi nisiyemjua. Sikumwona Des na kopo lake dirishani kwa Mama.

Bev


Burrangully, 29 Juni 2003

Bev,

Kondoo wanazaa, na wengi wanazaa pacha, sijui wamekula nini kwenye majivu yale. Glenys ana mafua. Mama naye anayo, lakini hakubali kwamba ni mafua.

Redio ilikuwa safi.

Najua unachotaka. Na wengine hapa wanakitaka, hata Glenys, ingawa hasemi, anaweka sahani mezani kwa kishindo. Nikisema sikuamuru, au nikisema sina uhakika kama amri ilifika, Des anapona na watu wote wananipigia makofi. Halafu kiangazi kijacho nitamwambia kijana fulani rudi, naye atasimama kwanza kufikiri kama ni amri ya kweli au ni ile ambayo Ross ataikana baadaye. Atakufa akiwa anafikiri. Hawa watu hawalipwi, Bev. Wananipa nafsi zao bure, na mimi ninachowapa ni neno langu lisilobadilika.

Uliuliza na jambo jingine. Glenys ananiita chakulani.

Ross


Sydney, 13 Julai 2003

Ross,

Tu wazima. Ofisini wamenisifu, majimbo mengine yameomba nakala ya sheria yetu.

Jambo lile jingine hukulijibu. Mtu aliyedhani mama yake ameondoka angejibu kwa mstari mmoja. Sitaliuliza tena.

Bev


Burrangully, 21 Septemba 2003

Bev,

Sisi wazima. Kesi ilisikilizwa Jumatano mjini. Nakuandikia kabla hujasimuliwa na watu.

Hakimu alitaka kwanza kujua jambo moja tu, kama sheria inamkinga Des au haimkingi. Nilisimama mimi. Mama alikuwa safu ya pili, na kofia yake ya kanisani. Wakili wa Lindsay akaniuliza kama nilitoa amri ya kurudi. Nikasema nilitoa. Akauliza kama Des aliisikia.

"Aliisikia," nikasema. "Alinijibu. Alisema, 'Nimekusikia, Ross, lakini mimi nashuka.'"

Wakili akakaa, ameridhika. Akasimama wakili wa Des, kijana kutoka mjini aliyekuwa bado anatafuta pa kushika. Nadhani alitaka kuonyesha kwamba sikujua hali ilivyokuwa bondeni, kwamba amri yangu ilikuwa ya mtu asiyeona.

"Bwana Trewhella, ulijua kwamba ndani ya nyumba ile kuna mtu?"

"Nilijua."

Hakulitarajia hilo. Akaniuliza nilijuaje. Nikamweleza kwamba mwenye nyumba alipiga ile simu ya moto kusema haondoki, mke wangu akaipokea, akanipa habari kwa redio, na waliokuwa garini wakasikia kila kitu.

"Na mwenye nyumba huyo ni nani?"

"Ni mama yangu."

Sikumtazama Mama. Nilimtazama Des, naye alikuwa anaangalia buti zake. Hakimu mwenyewe ndiye aliyeuliza kama ningetoa tena amri hiyo. Nikasema ndiyo. Gari lilikuwa na watu wanne, barabara moja, na moto unakaribia kuikata. Mmoja wao ana watoto wachanga. Ndani ya nyumba kulikuwa na mtu mmoja aliyeambiwa mara nyingi aondoke. Angekuwa mama wa mtu mwingine nisingejiuliza mara mbili, na sikuwa na haki ya kujiuliza mara mbili kwa sababu ni wangu.

Haya ya mahakama yameisha. Sasa ninakueleza wewe. Baada ya kutoa amri ile nilisimama kilimani nikaona moshi unafunika paa la nyumba yetu, na nilijua nimefanya nini. Nililia, Bev. Nililia na redio iko mkononi, na nikaendelea kuwaelekeza wengine. Des alipotokea kwenye kijito amembeba Mama mgongoni, nilimshukuru Mungu na nikamchukia Des kwa wakati mmoja. Mpaka leo vyote viwili ninavyo.

Hakimu ameamua kwamba sheria haimkingi. Fidia itapangwa baadaye.

Ross


Sydney, 5 Oktoba 2003

Kaka Ross,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Philip naye nimempa akasoma, akatoka nje akaenda kumwagilia bustani iliyokwisha kumwagiliwa.

Nimekukasirikia, usidhani sikukukasirikia. Siku mbili sikuweza hata kulitaja jina lako. Halafu nikachukua karatasi nikajaribu kuandika kifungu kingine, ambacho wewe ungekuwa sahihi na Des naye angekuwa sahihi. Hiyo ndiyo kazi yangu, ninalipwa kwa hiyo. Nimeshindwa. Kila nikimfungulia Des mlango, anapita na mpumbavu mmoja nyuma yake aliye na kopo la kuwashia. Kila nikiufunga, Mama anabaki ndani.

Wewe ulinipa maneno, mimi nikayaandika, Des ndiye anayelipa. Nimemwandikia barua. Sijui kama nitaituma, maana sijapata cha kumwambia zaidi ya asante.

Mama amesema nini? Kwangu hapokei simu.

Mdogo wako,
Bev


Burrangully, 30 Novemba 2003

Mdogo wangu Bev,

Sisi wazima, kondoo karibu wote. Glenys anasema hongera ya harusi ya Alison, na mbwa afungwe siku hiyo.

Uliuliza Mama amesema nini. Kwangu hakusema neno muda mrefu. Nilimpelekea kuni, akafungua mlango, akazipokea, akafunga. Halafu mwezi huu akamwita Lindsay Pascoe kunywa chai, na mimi akaniita nikae pembeni niwe shahidi, kwa kuwa, alisema, kazi hiyo ninaiweza.

Akamwambia, "Lindsay, bonde hili na kijito chake baba yako alilitaka, na wewe umelitaka. Lichukue, na nyumba ndani yake. Umwachie Des shamba lake."

Lindsay si mtu mbaya. Alikataa mara moja kwa adabu, mara ya pili akauliza habari za maji. Wamekwisha kuandikiana, na kesi ameiondoa. Des alipopata habari alishuka mpaka kwa Mama akiwa na buti zenye matope, anapiga kelele kwamba hakuiokoa nyumba ili iende kwa Pascoe, kwamba atauza shamba lake mwenyewe kabla ya kukubali. Mama akamwacha amalize.

"Amri ya kapteni hukuitii," akamwambia, "basi hii yangu utaitii. Keti unywe chai."

Des akaketi. Ni mara ya kwanza nimemwona akitii amri. Tulikunywa chai watatu. Wakati wa kuondoka alinipa mkono. Jumanne alikuja mazoezini, na nilipomwambia asogeze gari getini alilisogeza, lakini bila haraka.

Mama amehamia hapa kwetu tangu Alhamisi. Amechagua chumba cha mashariki na ameshaanza kumfundisha Glenys kuosha madirisha. Usiku wa kwanza tulipokaa kula aliweka uma chini, akanitazama vile anavyotutazama tangu tukiwa wadogo.

"Ross, moto ukija hapa, na barabara inakaribia kukatika, gari utalirudisha?"

Glenys aliacha kukata mkate. Nikasema nitalirudisha.

"Hata nikiwa ndani?"

"Hata ukiwa ndani, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akauchukua tena uma wake.

"Basi safari hii nitaondoka mapema," akasema.

Kaka yako,
Ross